Bata, matope na karatasi: shajara ya mradi wangu wa North Dakota

4 Septemba 2022

Naanza kuandika leo kwa sababu nilitafuta mtu aliyepita njia hii akaielezea kwa Kiswahili, nikamkosa. Mradi una vichwa viwili. Cha kwanza ni kusomea baiolojia ya ardhioevu mpaka nipate kazi inayoeleweka. Cha pili ni kuingia kwenye kile ambacho wawindaji wa huku wanakiita pro staff: kampuni ya filimbi za kuigia sauti ya bata, au ya bata bandia wa kuwavutia walio hai, inakupa vifaa bure au kwa bei ya chini, nawe unavitumia, unavisemea na unasimama navyo kwenye maonyesho. Kwa lugha yetu ni balozi wa bidhaa, kwa hiyo humu nitasema ubalozi.

Niko Fargo, mji wa North Dakota, Marekani. Nilizaliwa Fizi, mashariki mwa Kongo, nikakulia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, mkoa wa Kigoma, Tanzania, na Machi 2019 tukaletwa hapa: mama, mimi na wadogo zangu wawili. Usiku napanga mizigo ghalani, mchana niko chuoni, mwaka wa tatu wa baiolojia.

Kilichonivuta ni safari moja ya darasa. Ukitoka Fargo kwenda magharibi, nchi imejaa vidimbwi, maelfu kwa maelfu, vingine vya ukubwa wa uwanja wa mpira, vingine havifiki hata sebule. Viliachwa na barafu kuu iliyoyeyuka zaidi ya miaka 10,000 iliyopita. Eneo lote linashika majimbo matano ya Marekani na matatu ya Kanada, na nusu ya bata wa bara hili au zaidi huanguliwa humo. Mwalimu alipotuonyesha orodha ya ardhioevu zenye hadhi ya kimataifa, nikakuta Malagarasi-Muyovozi, kilomita za mraba 32,500, ya kwanza kusajiliwa Tanzania, mwaka 2000. Nimeishi miaka yangu yote ya utoto mkoa uleule, nikaja kulijua jina hilo Fargo, kwenye skrini. Kambini hukuruhusiwa kwenda mbali. Porini tulikujua kwa kuni tu, na kwa hofu ya kukamatwa.

Bajeti ya uwindaji, mbali na ada ya chuo: dola 1,000 kwa miaka miwili. Tutaona.

20 Novemba 2022

Cheti cha mafunzo ya uwindaji nimepata. Jimbo hili linakitaka kwa kila aliyezaliwa baada ya 31 Desemba 1961, la sivyo huuziwi leseni. Walimu ni wazee wa kujitolea, wavumilivu sana. Kilichonipa taabu ni majina ya sehemu za bunduki, nikajitengenezea jedwali: mtutu, kitako, kifyatuo, kizuizi. Nalihifadhi, huenda likamfaa mwingine.

Kosa la mwezi huu halihusu mtihani. Sikumwambia mama. Alikikuta cheti mezani akiwa anachambua maharage, akauliza ni cha nini. Nilipomweleza, aliendelea kuchambua kimya kwa muda mrefu, kisha akasema, "Mwanangu, sisi tulikimbia bunduki. Wewe unaifuata dukani?"

Sikuwa na jibu, na mpaka leo sina. Tulichokubaliana ni kwamba bunduki haitalala nyumbani kwetu hata usiku mmoja. Italala kwenye kabati la chuma la mzee anayenifundisha, mkulima mstaafu, baba mkwe wa mwenzangu wa ghalani. Yeye anataka nimwite kwa jina lake la kwanza. Mdomo wangu unakataa; namwita Mzee, na sasa analijua neno hilo na kulifurahia.

Bunduki: shotigani ya kukokota, ya mtumba, dola 260. Mzee aliifungua kabla ya yote akakuta haina kile kijiti cha mbao kinachozuia ghala la risasi. Sheria ya ndege wanaohama inataka isibebe zaidi ya risasi tatu kwa jumla. Akachonga kijiti palepale karakana. Ukinunua ya mtumba, anza na hapo.

26 Machi 2023

Hili ningeomba lisomwe na kila anayetaka kunakili mradi huu.

Nilikuwa nafurahia masomo: ndege, mamalia, samaki. Wiki iliyopita ndipo niliposoma kwa makini sifa za kazi ya mwanabaiolojia wa wanyamapori katika serikali kuu, kundi namba 0486. Hawaangalii shahada peke yake. Wanahesabu vipindi, yaani krediti za muhula: 9 vya masomo ya wanyamapori, 12 vya zuolojia, na 9 vya botania. Mimi botania nina 3. Wanyama nimejaza hadi pomoni, mimea sina, na nataka kufanya kazi kwenye ardhioevu, mahali ambapo nusu ya kazi ni kujua jani hili ni la nini.

Hakuna wa kumlaumu. Tangazo liko wazi kwa kila mtu, nilikuwa sijalisoma. Marekebisho ni muhula mmoja zaidi: uainishaji wa mimea, kisha nyasi na ndago. Gharama ni ada ya muhula huo, pamoja na mwaka mzima wa ghala usiku ambao sikuupangia. Anza na tangazo la kazi unayoitaka, urudi nyuma kuchagua masomo. Mimi nilianza mbele.

Na lingine: karibu kazi zote za serikali kuu zinataka uraia. Kadi ya kijani, ile ya ukazi wa kudumu, haitoshi. Kwa mkimbizi, miaka mitano inahesabiwa tangu siku ya kuingia, kwa hiyo yangu ni Machi 2024. Majimbo, vyuo na mashirika binafsi mengi hayana sharti hilo, na huko ndiko ninakoomba kwa sasa.

25 Juni 2023

Kazi ya kwanza ya msimu: kutafuta viota vya bata. Dola 15 kwa saa na chumba cha kulala bure, wiki kumi.

Inafanyika hivi. Pikipiki mbili za magurudumu manne zinaburuza mnyororo mrefu katikati yao juu ya nyasi. Jike aliyeatamia anaruka. Unasimama, unashuka, unatembea kama mtu aliyedondosha sindano, mpaka uone kiota. Unahesabu mayai, unachomeka kijiti mita nne kaskazini ya kiota ili usimwonyeshe kicheche njia, kisha unachukua yai moja na kulitazama kwenye mwanga wa jua. Kifaa cha kutazamia kiliniacha hoi: kipande cha bomba la rejeta la gari. Unakaza yai mdomoni mwa bomba, unaelekeza juani, unachungulia. Yai la siku chache lina kitu kama buibui mwekundu ndani yake. La wiki tatu limejaa giza, na kiputo cha hewa kimekua upande mmoja. Nililishika la kwanza kwa vidole vilivyotetemeka, na lilikuwa la moto kuliko mkono wangu.

Makosa mawili. La kwanza: wiki ya pili kompyuta ilionyesha viota vyangu vitatu viko kilomita 39 kusini mwa mahali tulipofanya kazi. Kifaa changu cha satelaiti kilikuwa kinaonyesha digrii na dakika, 46°52.700, nami nikaandika 46.52700 kwenye safu ya digrii tupu. Viwili tuliviokoa kwa kukokotoa upya. Cha tatu nilikuwa nimekosea na tarakimu pia, hakikuonekana tena. Sasa kila asubuhi naandika mahali pa gari kwanza na kulinganisha na ramani kabla ya kuondoka.

La pili linaumiza zaidi, maana nilijigamba. Viota 41, vilivyofanikiwa 15, nikamwambia msimamizi asilimia 37, mwaka mzuri. Akanikalisha. Viota vinavyoliwa mapema, alisema, huvioni kabisa. Ulivyovikuta ni vile vilivyobahatika kuishi mpaka ufike. Kwa hiyo unahesabu siku ambazo viota vilikuwa chini ya macho yako, na vingapi vilikufa katika siku hizo. Yetu ilitoka 0.95, yaani kiota kina nafasi 95 kati ya 100 ya kuiona kesho. Unasikia ni nzuri. Lakini bata kichwa-kijani, yule anayeitwa mallard, anahitaji siku 35 hivi tangu yai la kwanza mpaka vifaranga. Zidisha 0.95 kwa yenyewe mara 35: unabaki na 0.17. Asilimia 17, na kwa bata huyu inatakiwa kama 15 ili idadi isishuke. Tuko juu ya mstari kwa unywele tu.

24 Septemba 2023

Jana ulikuwa ufunguzi. Wakazi wa jimbo tunaanza wiki moja kabla ya wageni. Leseni, usajili wa ndege wanaohama, na stempu ya bata ya serikali kuu, dola 25. Stempu hiyo ilianza 1934, na senti 98 za kila dola yake zinakwenda kwenye makazi ya ndege. Kidimbwi tulichoketi kilinunuliwa kwa fedha hizo, na mtu yeyote anaruhusiwa kuwinda pale ili mradi aache gari nje na aingie kwa miguu.

Saa kumi na moja alfajiri Mzee alinisimamisha nyuma ya gari akasema nitoe kila kitu mifukoni. Nikatoa. Katikati ya risasi za chuma kulikuwa na moja ya risasi.

Hapa Kiswahili chetu kinatuchezea. Risasi ndiyo inayopigwa, na risasi ndiyo madini yenyewe. Sheria ya Marekani tangu 1991 inataka bata na mabata bukini wawindwe kwa risasi zisizo za risasi, nchi nzima, kwa sababu bata humeza marisawa, vile vigololi vidogo vya ndani ya risasi, yaliyozama matopeni akidhani ni changarawe. Yakifika kwenye firigisi yanasagika, sumu inaingia mwilini, na tai akimla bata huyo naye anaathirika. Si kuipiga tu: hata kuwa nayo mfukoni ukiwinda bata ni kosa. Yangu ilibaki kutoka kiangazi, tulipokuwa tunalenga visahani vya udongo. Askari wa wanyamapori asingesikiliza hadithi hiyo. Marekebisho: fulana ya mazoezi na fulana ya kuwindia sasa ni mbili tofauti, na ya mazoezi haipandi gari siku ya bata.

Laiti kosa lingekuwa hilo tu. Saa moja na nusu kundi lilipita juu, mbali, mita 55 labda zaidi. Mzee hakuinua bunduki. Mimi niliinua. Mmoja akayumba, akateleza hewani kwa mabawa yaliyokakamaa na kuzama ndani ya matete upande wa pili. Hatukuwa na mbwa. Nilitafuta saa moja na dakika arobaini, maji kifuani, matete yakinikata shingo, na mara mbili nilisikia kitu kinasogea karibu sana nami. Sikumpata. Kiwango cha siku ni bata sita. Nilimwandika kama wa kwanza wangu. Mzee hakunigombeza. Alisema tu kwamba yeye umri wake wote hajazoea jambo hilo na anatumaini sitalizoea.

Nilirudi na mmoja, bata mdogo wa bawa la bluu. Sikumpeleka nyumbani siku hiyo.

22 Oktoba 2023

Marekebisho ya hapo juu yamechukua mwezi. Chuma ni chepesi kuliko risasi, kinapoteza nguvu haraka. Nilikuwa najua hilo kitabuni. Mzee akanipa maboksi ya friji, kalamu na kamba: chora duara la sentimita 76, rudi mita 36, piga katikati, hesabu matundu. Risasi yangu ina marisawa kama 140. Ndani ya duara: 61, na mengi yamerundikana kushoto, pengo katikati linatosha bata kupita salama. Tatizo lilikuwa kipete kinachobana mdomo wa mtutu, kilikuwa cha kubana kabisa, cha zama za risasi. Nimekibadili kwa cha kubana kiasi, dola 28. Matundu 98. Risasi sita na nusu siku ya kazi, na hakuna kitu nilichonunua chenye thamani kuliko maboksi yale ya bure.

Pia sasa napanga bata bandia wa mwisho hatua 30 kutoka kifichoni. Aliye nje ya huyo, namtazama tu.

Jumamosi kichwa-kijani wawili. Hawa niliwapeleka. Mama aliwanyonyoa mwenyewe, kwa maji ya moto, akashangaa mafuta chini ya ngozi. "Huyu alikuwa anakula nini?" Nikamwambia mahindi yaliyomwagika mashambani na mbegu za ndago. "Basi ni kuku wa kienyeji," akasema, akaenda kuchukua mawese.

Matumizi mpaka sasa: bunduki 260, suruali ya mpira ya mtumba ya kufika kifuani 90 na gundi ya kuiziba 8, dazeni ya bata bandia wa mtumba 40, risasi boksi nne 104, kipete 28, stempu 25, petroli siiandiki kwa sababu itanivunja moyo.

11 Februari 2024

Ubalozi. Niliandika maombi sita, kila moja na picha zangu nimeshika bata, natabasamu. Wanne kimya. Mmoja alinikatalia kwa adabu. Wa sita alinikubali baada ya dakika ishirini.

Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, bibi yangu aliniambia hayo mara ngapi? Barua yao ilisema karibu kwenye familia, lakini ili jina langu liwekwe kwenye orodha ninunue kifurushi cha kuanzia, dola 385 "baada ya punguzo". Nikanunua. Mkataba niliusoma boksi lilipofika: lazima ninunue kifurushi kila msimu, picha zote nitakazopiga ni mali yao, na punguzo langu ni asilimia 20. Wiki hiyohiyo walikuwa wanawauzia watu wote kwa punguzo la 25. Yaani balozi alikuwa analipa zaidi ya mpita njia. Niliuza vitu kwa 150 nikajitoa. Hasara 235, na bajeti ya miaka miwili imekaribia kwisha kabla ya mwaka wa pili kufika nusu.

Niliwauliza watu watatu ambao ni mabalozi wa kweli. Wote walinicheka, kisha wakaniambia kitu kimoja: karibu hakuna anayelipwa mshahara. Ni vifaa, punguzo, na siku za kusimama kwenye meza. Maswali ya kuuliza kabla ya kutia sahihi ni haya: Nalazimika kununua chochote? Picha ni za nani? Siku ngapi za maonyesho, na nauli ni ya nani? Naweza kutumia vifaa vya kampuni nyingine? Naondokaje? Anayekasirishwa na maswali hayo keshakujibu.

14 Julai 2024

Kozi ya wiki moja ya kuweka mipaka ya ardhioevu. Dola 900, chuo kimelipa nusu. Kitabu cha rangi za udongo cha Munsell ni zaidi ya dola 200, nimeazima.

Kwa mwongozo wa wahandisi wa jeshi wa 1987, ili uandike kwamba hapa ni ardhioevu unahitaji mashahidi watatu: mimea inayopenda maji, udongo uliokaa bila hewa, na dalili za maji yenyewe. Mimea sasa naimudu, ule muhula wa ziada umelipa. Nikaanguka kwenye udongo.

Nilichimba kwa sepeto, nikakuta udongo mweusi ti, nikaandika ardhioevu. Shimo la pili, vivyo hivyo. Mkufunzi akapita, akasoma, akauliza kama ninajua tuko wapi. Tuko kwenye mbuga za nyasi. Hapa hata kilimani pakavu udongo ni mweusi, kwa mizizi ya nyasi ya miaka maelfu. Weusi peke yake hauthibitishi kitu. Akachukua bonge, akalivunja kwa vidole, akalinyunyizia maji, akaniambia nitazame. Sikuona. "Vua miwani," akasema. Nilikuwa nimevaa miwani ya jua tangu asubuhi! Nilipoivua, vikatokea: vidoa vidogo vya kutu, rangi ya chungwa, vimefuata njia za mizizi. Hapo ndipo maji hupanda na kushuka, chuma kikiyeyuka na kuganda upya. Shimo la kwanza lilikuwa navyo. La pili halikuwa na hata kimoja. Nikarudia mashimo yote kumi na moja, udongo ukiwa na unyevu, jua likiwa mgongoni, macho matupu. Manne yalibadilika.

Darasani walizungumzia sana kesi ya Sackett. Mei 2023 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba sheria ya maji safi inalinda ardhioevu zile tu zilizoungana juu ya ardhi na mito au maziwa yanayolindwa. Vidimbwi vyetu vingi vimekaa peke yake katikati ya mashamba, havikuungana na chochote. Kinachobaki kuvilinda ni hasa sheria ya kilimo ya 1985, inayomnyima ruzuku mkulima anayevikausha, pamoja na mikataba ya hiari na wenye ardhi. Kwa anayetafuta kazi maana yake ni kwamba, kwa eneo hili, kazi nyingi iko kwenye kuzungumza na wakulima. Mzee kanifundisha hilo bila kujua.

2 Februari 2025

Shahada nimepata Desemba. Uraia niliomba Mei, dola 710 kwa njia ya mtandao, nikaapa Novemba. Mama alivaa kitenge kilekile alichovaa siku tulipopanda ndege.

Kisha nikatuma maombi manne ya serikali kuu, kwa mara ya kwanza nikiweka alama kwenye kisanduku cha raia. Tarehe 20 Januari ajira mpya za serikali kuu zikasimamishwa. Miaka miwili nimejenga ngazi, nimefika juu, mlango umefungwa. Sina la kuongeza hapo. Vipindi vya botania havikupotea, maana mashirika binafsi nayo yanavitazama. Nimeanza pia karatasi za cheti cha mtaalamu wa ardhioevu anayejifunza, ambacho chama cha wanasayansi wa ardhioevu hukitoa kwa wenye shahada ambao bado hawajatimiza miaka mitano ya kazi.

16 Machi 2025

Ubalozi umekuja wenyewe, nikiwa siutafuti.

Klabu ya wawindaji iliniomba niweke meza kwenye chakula chao cha jioni. Nilibeba bomba la rejeta, boksi la udongo wenye kutu, na picha za maganda ya mayai. Maganda yenyewe siwezi kuyabeba. Kwa sheria ya ndege wanaohama ya 1918 hata ganda tupu linataka kibali. Wakaja kuuliza swali ambalo wawindaji wote huuliza: kwa nini tunahangaikia madimbwi yanayokauka Juni? Nikawachorea kwenye leso ya karatasi. Vile vifupi huyeyuka kwanza, Aprili, wakati maziwa bado ni barafu. Maji ya kina kifupi yakipata joto yanajaa wadudu na konokono wadogo, na jike bila protini hiyo hatagi. Isitoshe, dume hapendi jirani: vidimbwi kumi vya ekari moja vinashika jozi nyingi kuliko bwawa moja la ekari kumi. Ukikausha vile vidogo kwa sababu havina bata Oktoba, umekausha wale wa Oktoba.

Meza ya pembeni ilikuwa ya mafundi wawili wanaochonga filimbi za bata. Watu walipopungua mmoja akaja, akaniuliza kama nina mkataba na mtu. Nikamtolea maswali yangu yote palepale, nikingoja akasirike. Akajibu moja moja. Filimbi tatu bure kwa mwaka, punguzo la asilimia 40 kwa zinazobaki, maonyesho mawili wakilipa petroli, picha ni zangu, mwaka mmoja, yeyote anaweza kuvunja. Hakuna mshahara. Nikamwambia sina picha nyingi za bata waliolala safu. Akasema za hivyo anazo mia tatu, na hakuna aliyewahi kusimama kuzitazama.

Kupuliza kwenyewe bado. Sauti yangu ya jike inafanana na mlango wa banda. Nafanya mazoezi garini.

17 Agosti 2025

Tangu Mei niko kwenye shirika binafsi la hifadhi, mkataba wa miezi kumi: napima vidimbwi kwenye mashamba ambayo wenyewe wanafikiria kuyawekea mkataba wa kutokausha. Si ya kudumu. Ghala nimeacha.

Jambo la kuangalia kwa atakayefuata: vichwa viwili vya mradi huu vinagongana. Mwezi uliopita fundi wangu alinipigia simu. Anataka kupiga video ya ufunguzi, na kwa kuwa mimi ndiye ninayezunguka, nimwambie maji mazuri yako wapi mwaka huu. Najua yako wapi. Najua hadi idadi ya jozi za Mei, kidimbwi kwa kidimbwi, kwenye ardhi ya watu waliofungua geti kwa sababu niliwaahidi kwamba takwimu haziondoki ofisini. Nikamwambia hapana, na sababu. Kimya. Kisha akasema, "Ungeniambia, ningekuogopa." Tutapiga kwenye kile kidimbwi cha stempu, cha siku ile ya kwanza.

Lakini kosa ni langu: nilitia sahihi Machi, nikaomba kazi Aprili, sikuwaambia waajiri mpaka niliposhaanza. Msimamizi hakufurahi. Tumeliandika sasa, ukurasa mmoja: sivai sare ya kazi kwenye maonyesho, sitaji mahali popote nilipopafahamia kazini, na siwindi kwenye shamba ninalolipima mpaka mwaka upite. Ukurasa huo ungekuwepo tangu siku ya kwanza.

Vijana watatu wa kanisani wamejiandikisha kwa mafunzo ya Novemba. Nimewapa lile jedwali la majina ya bunduki. Sasa lina maneno 64, mawili yamesahihishwa na mama. Bunduki bado inalala kwa Mzee.

Jumapili iliyopita nilimpeleka mama kwenye kidimbwi kimoja kwa mara ya kwanza. Alikuja na kiti chake cha kukunja, akakaa ukingoni kama anayengoja basi. Vifaranga wa bata walipita kwa safu. Aliwatazama, akatazama maji, akachukua udongo kidogo akaufikicha kwa vidole, sawasawa kama mkufunzi wangu alivyofanya.

"Hapa," akasema, "pangefaa mpunga."

Nimemwomba asiseme hivyo mbele ya bosi wangu.